Ng'ombe mgeni asilale na kundi

Ndugu Mhariri,

Vita vimewahamisha watu wa Masisi na Rutshuru pamoja na ng'ombe wao, na wanaoanza upya kufuga wananunua popote wanapopata. Hapa Goma mnyama anashushwa kwenye lori asubuhi, jioni analala zizi moja na kundi la aliyemnunua. Wafugaji wenzangu, nawasihi tuache kufanya hivyo.

Ninachokiogopa zaidi ni homa ya mapafu ya ng'ombe. Hupita kwa pumzi, mnyama kwa mnyama, hasa wakilala wamesongamana. Aliyeambukizwa anaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, kabla ya kuanza kukohoa. Na kuna yule aliyeugua akapona: anakula vizuri, ngozi inang'aa, kumbe ndani ya pafu limebaki donge lenye vijidudu hai. Muuzaji anaweza kuapa kwamba ng'ombe wake ni mzima, na asiwe mwongo.

Kwa hiyo kumtenga siku 3 ni kujidanganya. Mwezi mzima ndio uwe mwanzo, mbali na zizi, na ndoo yake ya maji, na veterineri akipatikana achukue damu ikapimwe. Zile sindano za antibiotiki tunazojichomea wenyewe hutuliza kikohozi bila kumaliza vijidudu, mnyama akapita sokoni kama mzima. Hilo linaniuma sana.

Chanjo ipo. Lakini ya sotoka, ugonjwa uliotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ilimkinga ng'ombe maisha yake yote, na ikatengenezwa ya kuvumilia joto, hata wafugaji wakafundishwa kuchanja wenyewe huko magari yasikofika. Hii ya mapafu inataka ubaridi mpaka inapofika kwenye sindano, na kurudiwa kila mwaka. Barabara zikifungwa, kutenga ndiko kunakobaki mikononi mwetu.

Mwenye ng'ombe 2 ataniuliza: nafasi ya kutengea nitaipata wapi katika mji huu wa mawe ya volkano? Ana haki. Naviomba vyama vya wafugaji vitafute uwanja wa pamoja nje ya mji, wenye maboma kadhaa yaliyoachana, ili waliofika wiki hii wasikutane na wa wiki iliyopita. Mchungaji alipwe kwa mchango wa wenye mifugo iliyomo. Mimi niko tayari kuchangia.

Mfugaji, Goma