Mabadiliko ya Jumamosi: tunahamia Mwanjelwa

Habari za jioni wanakikundi, poleni na baridi.

Jumamosi hatutakutana Uyole tena. Njooni karakanani Mwanjelwa, saa 3:00 asubuhi, maana ile mashine ya kupima bodi za saketi haibebeki. Inakataa bodi nzima na kupitisha mbovu. Mimi nashuku rilei zake (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) kabla ya programu.

Kazi:
1. Mafundi umeme: pimeni ukinzani wa kontakti za rilei (vipande vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme) kwa njia ya nyaya nne: mbili za mkondo, mbili za kupima volti. Maltimita ya nyaya mbili itatudanganya, kwa sababu nyaya zake zenyewe zinaweza kuwa na ukinzani mkubwa kuliko kontakti nzima. Na mlio wa "tik" si ushahidi: koili (sumaku-umeme ya rilei) inaweza kuvuta vizuri huku kontakti zimeungua. (Wale wa kugongagonga na bisibisi, nawaomba sana, hapana.)
2. Watu wa programu: washeni rilei moja moja, msubiri milisekunde kadhaa kontakti zitulie, ndipo msome kipimo. Angalieni pia kama programu inakata volti kabla ya kufungua rilei. Ikifungua mkondo ukiwa unapita, cheche hula kontakti, au siku nyingine zinagandana kabisa.

Mchango ni shilingi 5,000 za rilei za akiba na chai. Mtumieni mhazini kabla ya Alhamisi saa 12:00 jioni.

Tafadhali thibitisha hapa kabla ya kesho usiku: jina lako na kazi namba 1 au 2. Usiyekuja sema pia, tujue idadi ya chapati.