Kupasha injini dakika tano hakulindi pikipiki iliyolazwa

Mhariri,

Masika yakishika katika mabonde ya Rufiji na Kilombero, tope hufunga njia na pikipiki nyingi hulazwa nyumbani hadi ardhi ikauke. Kila baada ya siku chache mwenyewe huipiga kiki, huiacha ingurume dakika tano, kisha huizima akiamini ameitunza. Desturi hiyo hutujazia kazi gereji mvua zikiisha.

Petroli ikiungua hutoa pia mvuke wa maji. Safarini joto huukausha, lakini kwa dakika tano injini haipati moto wa kutosha, hivyo maji hubaki kwenye oili na ndani ya ekzosi. Oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa, ekzosi huoza kuanzia ndani. Ukiamua kuilaza pikipiki, ilaze kweli.

Anza na oili. Endesha kilomita chache ipate moto, imwage yote, weka mpya, kwa mfano ya uzito wa 20W-50, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Wapo wanaoona ni hasara kuweka oili mpya kwenye pikipiki isiyotembea. Oili iliyotumika ina masizi na tindikali, nayo hula vyuma vikiwa vimetulia.

Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ndiyo inayosumbua kuliko vyote. Petroli iliyobaki kwenye bakuli lake huvukiza kidogo kidogo, ikaacha utando unaonata kama gundi, na jeti ndogo, yenye tundu jembamba la kupitishia petroli, huziba kwanza. Utaijua: pikipiki inawaka kwa choki, ukiirudisha choki inazima. Funga koki ya petroli, legeza skrubu iliyo chini ya bakuli, kinga chupa hadi tone la mwisho, kaza tena. Tangi la chuma fanya kinyume: lijaze, maana nafasi tupu hushika unyevu na kutu huanzia hapo. Ila pikipiki yenye petroli haikai chumba chenye jiko au koroboi, wala chumba wanacholala watu.

Kisha fungua plagi, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili safi, funika tundu kwa kitambaa na, switchi ikiwa imezimwa, kanyaga kiki polepole mara nne au tano. Rudisha plagi. Oili hiyo hutandaa kwenye silinda na kuzuia ringi za pistoni zisishikwe na kutu.

Betri ifunguliwe, waya wa hasi kwanza, iwekwe mahali pakavu. Kama ni ya maji, ongeza maji ya betri hadi kati ya mistari miwili. Si ya kisima, wala si asidi. Ipime kila mwezi. Ikishuka chini ya volti 12.4, ichajiwe taratibu: betri ya Ah 5 (ampea-saa tano) inataka ampea 0.5 tu. Chaja kubwa ya gari huichemsha, na fundi anayekwambia itajaa kwa nusu saa anakuuzia betri mpya.

Osha tope, hasa chini ya madigadi na kwenye spoki, na ukaushe. Cheni isuguliwe kwa brashi na mafuta ya taa, ikikauka ipakwe oili nzito ya gia. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa juu ya ubao, matairi yakiwa na upepo kamili. Ifunike kwa shuka la pamba. Nailoni hufungia unyevu ndani na chuma hutoka jasho usiku kucha. Ekzosi ikipoa, ifunge kwa mfuko, kwani nyigu hupenda kujenga humo, na ufunge kitambaa chekundu kwenye usukani usije ukausahau mfuko huo.

Siku ya kuitoa, angalia chini ya kiti na kwenye chujio la hewa kama panya wametafuna waya au wamezaa. Funga betri, chanya kwanza. Fungua koki, subiri dakika mbili uone kama kabureta inavuja, ndipo uwashe. Moshi wa bluu mwanzoni ni ile oili ya kijiko. Ukiendelea hata baada ya kilomita tano, hiyo si ya kijiko tena. Fungua injini utazame ringi.

Fundi pikipiki,
Ikwiriri, Rufiji