Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kutambua na Kuzika Wafu wa Lusitania

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati ilishika tukio moja tu, kuzama kwa Lusitania, meli ya abiria ya Uingereza, kwa kuwa kazi iliyofanyika juu ya miili ya wafu wake imebaki kwenye kumbukumbu, hatua kwa hatua. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitabaki kwenye miili.

Meli ilipigwa topido na nyambizi ya Kijerumani U-20 alasiri ya tarehe 7 Mei 1915, kusini mwa Ireland, karibu na rasi ya Old Head of Kinsale. Ilizama kwa dakika 18. Walikufa karibu watu 1,200. Iliyopatikana ni miili 289 tu, na kati yake 65 haikupata jina hadi leo. Wengine wote, zaidi ya 900, walibaki baharini.

Boti za uvuvi na meli ndogo zilileta miili Queenstown, mji unaoitwa Cobh siku hizi, usiku uleule. Ofisi ya Cunard, kampuni iliyomiliki meli, ukumbi wa mji na banda la bandarini viligeuzwa vyumba vya kuhifadhia maiti. Kila mwili ulipewa namba. Chini ya namba hiyo viliandikwa jinsia, umri wa kukisia, kimo, rangi ya nywele, nguo na vitu vilivyokutwa mifukoni na vidoleni. Wasiojulikana walipigwa picha kabla ya kuzikwa. Kazi yote ilitegemea namba hiyo: ni lazima iwe moja kwenye mwili, kwenye mfuko wa vitu, kwenye picha, kwenye jeneza na kwenye ramani ya kaburi. Ikikosekana mahali pamoja tu, pete iliyochongwa herufi za jina haimsaidii mtu yeyote, maana hakuna ajuaye ilivuliwa kwenye kidole cha nani.

Mazishi makubwa yalifanyika Jumatatu tarehe 10 Mei, siku tatu tu baada ya meli kuzama. Wako wanaolaumu haraka ile. Kamati haikubaliani nao. Mwili uliotolewa majini huharibika upesi ukishapata hewa na joto, na mji mdogo hauna barafu ya kuwatosha wafu wengi kiasi hicho. Askari walichimba makaburi matatu ya pamoja, A, B na C, katika makaburi ya Old Church nje ya mji, na makasisi wa madhehebu mbalimbali wakaongoza ibada. Jambo la kuigwa ni hili: kumbukumbu hutaja kaburi, safu, na kama jeneza liko tabaka la juu au la chini. Kwa hiyo ndugu aliyeitambua picha baadaye aliweza kuonyeshwa mahali hasa.

Miili ya Wamarekani ilishughulikiwa kwa njia nyingine. Konsuli wao, Wesley Frost, alisimamia itiwe dawa ili ihimili safari ya kurudishwa kwao. Wenye uwezo walitangaza zawadi: kwa tajiri wa Kimarekani Alfred Vanderbilt fedha nyingi ziliahidiwa, na hakuonekana. Bahari haijali tajiri wala maskini.

Ugumu mkubwa ulikuja baadaye. Mwili uliozama huibuka tena gesi ikijaa tumboni, na katika maji baridi hilo huchukua wiki kadhaa. Mingine ilitupwa pwani za magharibi ya Ireland, mbali sana na Queenstown. Hapo picha ya uso haifai tena: ngozi imevimba na kuchubuka, samaki wamekula sehemu laini. Zilibaki alama za dobi kwenye nguo, meno yaliyozibwa, saa na barua. Hata nguo hudanganya, kwani meli ikizama watu huvaa koti lolote lililo karibu. Tatizo jingine ni kumbukumbu kutawanyika. Miili mitano ilipelekwa mji wa Kinsale, na John Horgan, afisa wa kuchunguza vifo (coroner), akaifanyia uchunguzi wake huko, kwa hiyo anayesoma daftari la Queenstown peke yake ataikosa.

Sasa la kwetu. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika chache, wakafa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hakukuwa na pwani ya kupokelea miili. Askari hao wamebaki majina tu kwenye mnara wa East Africa Memorial, Nairobi, ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road. Pasipo mwili, kinachomtambulisha mtu ni maandishi, na majina ya askari wetu yaliandikwa na makarani kwa tahajia walivyosikia.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kazi ya mwaka ujao iwe hii: kila mwanachama mwenye ndugu aliyekufa katika meli ile alete namba yake ya jeshi kwanza, kisha jina la baba, kijiji na kabila, na nakala ya barua yoyote ya malipo au ya taarifa ya kifo. Karatasi halisi zibaki nyumbani. Jina likitofautiana na la mnarani, yaandikwe yote mawili, lisisahihishwe. Katibu atapokea nakala baada ya kikao.