Barua ya wazi kwa Ofisa wa Maji wa Bonde: tope halizaliwi mtoni

Mheshimiwa,

Tunakuomba usimamishe mpango wa kuchimba tope mtoni kwa mtambo hadi makorongo ya juu yazibwe kwanza. Mtambo hushusha sakafu ya mto, kingo zikabaki zimesimama wima bila egemeo, na mvua kubwa ikija huziporomosha. Tope nalo hurudi, maana linakotoka hapajaguswa.

Linatoka kwenye miteremko inayolimwa. Dawa yake ni fanya juu: mtaro wenye upana wa sentimita 60 na kina kama hicho, udongo ukitupwa upande wa juu kuwa tuta, kisha tuta likapandwa majani ya kushika udongo. Kinachoharibu kazi hii ni mstari usiofuata usawa. Maji hukimbilia palipoinama, hupasua tuta na kuchimba korongo jipya. Kwa hiyo jicho halitoshi. Fito mbili za mita 2 hufungwa kama herufi A, zikawekwa upau katikati na kamba yenye jiwe. Kamba ikitulia kwenye alama ya katikati ya upau, miguu yote iko usawa mmoja.

Korongo lililokwisha kufunguka huzibwa kuanzia kichwani kushuka chini. Kizuizi cha mawe kichimbiwe ndani ya kuta zote mbili, katikati kiwe chini kuliko pembeni, na mguuni pawe na mawe bapa ya kupokea maji yanayoanguka. Kikiwa bapa juu, maji hula pembeni na kukizunguka. Vizuizi vingi vifupi vinafaa kuliko kimoja kirefu. Kilele cha kizuizi cha chini kilingane na mguu wa kizuizi kilicho juu yake.

Kando ya mto, fedha za miche peke yake hazitoshi. Miche hufa kiangazi kwa kukosa palizi na kwa kuliwa na mifugo, hivyo tunaomba bajeti ya kuitunza kwa miaka 3, pamoja na mabirika ya kunyweshea ng'ombe nje ya ukanda wa miti. Mfugaji aliyezuiwa mto bila kupewa maji atavunja uzio, na hatutamlaumu.

Tupewe pia nguzo ya kusomea kina cha maji. Tutaisoma kila asubuhi saa ileile, mradi namba zetu ziingie kwenye daftari la ofisi yako.

Tunaomba jibu wakati ardhi ingali kavu. Mvua ikishaanza, mawe hayapangiki.

Jumuiya ya Watumia Maji