Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: naomba nionyeshwe kidole cha aliyeniibia

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za kazi. Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Makambako, jirani na stendi, mwamvuli na meza ndo ofisi yenyewe. Kabla ya kukuandikia wewe nilishapiga huduma kwa wateja mpaka ule muziki wao wa kusubiria naujua kichwani, nikaandika na barua ya mkono nikapeleka ofisi niliyoelekezwa, ikagongwa mhuri wa kupokelewa, mhuri mzuri tu wa bluu, na habari ikaishia hapohapo kwenye mhuri. Uniwie radhi kuja hadharani, najua una mambo mengi.

Ilikuwa Ijumaa mchana, siku ambayo wanunuzi wa mbao na viazi wanajaa na floti, ile hela ya kufanyia kazi iliyo kwenye laini ya uwakala, lazima iwe imeshiba, laini yangu ya uwakala ikapoteza mtandao ghafla. Kenyewe ni kasimu ka kitochi, kakaandika hakuna huduma. Nikajua mnara umezingua kama kawaida yake, nikazima nikawasha, nikatoa laini nikaifuta kwa kanga nikarudisha, wapi. Namwangalia jirani yangu muuza vocha, mtandao ni uleule na kwake umejaa mpaka juu. Hapo miguu ikaanza kulegea. Nikafunga meza mbio mpaka duka la huduma la kampuni husika (silitaji, wenyewe wanajijua), nikapanga foleni, dada wa kaunta akaingiza namba, akaangalia kioo chake akaniambia bila hata kuinua macho, laini yako imetolewa upya leo saa saba mchana, Dar es Salaam.

Nikamwambia dada, mwenye laini ndo mimi niko mbele yako. Akasema mfumo unaonyesha mteja amehakikiwa kwa alama ya kidole. Nikamwekea mikono yote miwili juu ya kaunta, nikamwambia hesabu, vyote kumi hivi hapa, niambie kipi kimeenda Dar na kurudi.

Alitaka kucheka halafu akaona sura yangu akaacha. Floti ilikuwa milioni 2 na laki 6. Na wala isingekuwa yangu ningelia kidogo ninyamaze, lakini sehemu ni mkopo wa kikoba na sehemu ni ya wakala mkuu, kwa hiyo mimi nimeibiwa hela ambazo bado nadaiwa. Kikoba hawajali kuibiwa kwangu, wao wanataka marejesho kila wiki, na haki yao. Dawa za presha za mama nilikuwa nanunua dozi ya mwezi, sasa nanunua za wiki. Mtoto karudishwa ada. Mwenye fremu ya nyuma ninapoegesha meza nae kaanza kunisalimia kwa sauti ya kodi. Na mteja akija anataka kutoa laki, namwambia mtandao hakuna, kumbe mtandao upo ila hela ndo hakuna.

Sasa Mheshimiwa naomba nikukumbushe kitu, maana viti vyenu vinabadilisha watu na huenda wewe hukuwepo. Tarehe 1 Mei 2019 mlianza kutusajili laini kwa alama za vidole. Tukaambiwa mwisho ni tarehe 31 Desemba, watu wakalala kwenye foleni za NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, wengine na watoto mgongoni, hadi hayati Rais Magufuli mwenyewe akiwa Chato akasajili laini yake na akatuongezea siku 20, mpaka tarehe 20 Januari 2020, na baada ya hapo laini zikaanza kuzimwa kweli. Hatukugoma. Na tuliambiwa kwa nini, kwenye redio, kwenye magari ya matangazo, kwenye vikao vya mtaa: ili matapeli wajulikane. Kila namba itakuwa na mwenyewe, uhalifu wa simu kwisha. Hiyo ndo ilikuwa ahadi, sikuitunga mimi. Nchi ilichukua vidole vyetu kwa makubaliano hayo.

Basi mimi sina mengi. Hela zangu ziligawanywa kwenye namba tatu na zikatolewa siku ileile. Namba zote ninazo, majina yanayotokea ninayo, muda upo mpaka dakika. Kila namba katika hizo ina kidole. Nionyesheni hicho kidole ni cha nani.

Kituoni nilikoripoti niliambiwa kesi za mtandao zinashughulikiwa mkoani. Mkoani wakasema kampuni lazima iandikiwe barua kwanza. Kampuni wakasema wao taarifa wanawapa polisi tu, sio mimi. Kwa hiyo nimekuwa mpira, na kila anayenipiga nauli nalipa mwenyewe. Afande mmoja mtu mzima akaniambia kwa nia njema kabisa, mama, hela ya mtandao ukiifuatilia utatumia kubwa kuliko waliyokuibia. Na huyohuyo ndo akanidokeza kwamba jina moja kati ya yale matatu ni la bibi wa kijijini huko Rukwa ambaye hata simu hana.

Hapo ndo nilipoelewa mchezo, kwa sababu sisi wa stendi tunaona. Wale vijana wa miamvuli wanaosajili laini wanalipwa kwa idadi ya laini, hawana mshahara. Anakuja mzee ametoka shamba, vidole vimekauka kwa jembe, kijana anamwambia weka kidole mzee, haijasoma, weka tena, bado, futa kwanza, weka tena. Mzee anaweka. Anaondoka na laini moja, nyingine anazibeba kijana mfukoni kwenda kuuza zikiwa zimeshasajiliwa. Sisemi wote, wapo vijana waaminifu nakula nao mihogo kila siku, ila huo mchezo upo na hata wewe ukija na kofia na miwani ukakaa kwenye benchi langu nusu siku utauona. Na kuna madaftari, Mheshimiwa. Kauntabuku kubwa lina majina, namba za NIDA na namba za simu za watu, linaachwa juu ya meza kijana akienda kula. Mimi nimewahi kununua karanga za kukaanga zimefungwa kwenye kopi ya kitambulisho cha mtu, jina lake naliona na sura yake imepakaa mafuta.

Halafu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake Rais aliizindua Aprili 2024. Nilishangilia mimi. Naomba hiyo Tume siku moja ije ikague kauntabuku la stendi, ikimaliza semina za hotelini.

Kuhusu *106# najua, hakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, nilihakiki baada ya kuibiwa nikakuta namba mbili wala sizijui. Lakini bibi wa Rukwa asiye na simu atahakikia kwenye nini?

Na nadhani, nasema nadhani kwa sababu ushahidi sina, hawa watu wana mwenzao ndani. Kwa nini Ijumaa? Kwa nini saa saba, nikiwa nimetoka kujaza floti muda si mrefu? Mwizi wa Dar atajuaje mama wa Makambako leo ameshiba? Namba ya siri sikumpa mtu, hata mume wangu haijui na tumegombania hilo, sasa waliiwekaje mpya bila mtu wa kuwabonyezea kitufe? Kama nakosea nitaomba radhi hadharani kama ninavyolalamika hadharani, ila nijibiwe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kila mnapofungua mdomo mnatusema sisi. Kampeni ya Sitapeliki nzuri, matangazo mazuri, wasanii wanaimba, usitoe namba ya siri, usijibu ujumbe usiomjua aliyetuma, tuma namba ya tapeli kwenda 15040. Tunatuma. Namba inafungiwa, kesho kijana anatoa nyingine mfukoni ina kidole cha mzee mwingine. Ripoti za TCRA, mamlaka yenu ya mawasiliano, zenyewe zimekuwa zikiitaja Rukwa na Morogoro kwamba ndo zinaongoza kwa majaribio ya utapeli. Yaani mkoa mnaujua! Mtu ukishajua panya wako chumba gani bado unamwambia mwenye nyumba afunike chakula tu?

Mwezi huu nimepata ujumbe wa kampuni unaniasa nisitapeliwe. Jioni hiyohiyo, kwenye laini hiyohiyo, ukaja ule mwingine tunaoujua wote, ile hela itume kwenye namba hii. Maneno ni yaleyale miaka nenda rudi, hata kosa la kuandika hawajarekebisha. Umepita kwenye mitambo ya kampuni ileile iliyonionya mchana, na kila ujumbe unaotumwa wao wamekula hela yake.

Na msiniambie teknolojia haiwezi. Nina mtoto wa dada yangu anajifunza muziki, aliweka video yake YouTube, ndani ametumia sekunde chache tu za mdundo wa msanii mkubwa, hata kelele zake juu zilikuwa nyingi kuliko mdundo wenyewe. Siku ileile akapata taarifa kuna dai la hakimiliki, mwenye kazi ndo atakula hela ya matangazo. Hakuna binadamu aliyekaa akasikiliza, ni mashine, wana mfumo wanaouita Content ID tangu mwaka 2007, unalinganisha sauti na kazi za wenyewe walizozisajili. Dogo alinuna, mimi nikamwambia kazi ya mtu ni mali ya mtu, kubali. Ila usiku nikakaa nikawaza, mashine inatambua mdundo uliofichwa chini ya makelele, halafu sentensi moja ya Kiswahili iliyoandikwa vilevile kwa mamilioni ya watu inashindikana? Haishindikani. Ni kwamba mdundo una mwenyewe mwenye wanasheria, na floti yangu ina mwenyewe anayevaa kanga.

Hata hapa nyumbani mfumo ukitaka unaweza. Tarehe 15 Julai 2021 tozo ya miamala ilianza, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala, na siku hiyohiyo kila simu nchi nzima ilikatwa kwa kiwango chake, hakuna mzee wa kijijini aliyesahauliwa. Mimi nilikuwa kwenye meza hii, nilitukanwa na wateja kana kwamba tozo naenda kulia chai. Hakuna aliyesema tuandikieni barua kwanza. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo ikitaka inafika, mwaka 2016 tu mtu alitiwa hatiani Arusha kwa kumtukana Rais Facebook, faini milioni 7 au jela miaka mitatu. Sitetei matusi. Nauliza tu, huyo alipatikana vipi na wangu anashindikana vipi, au na mimi niandike hela zangu zimemtukana mtu?

Samahani Mheshimiwa, hapo nimepandisha sauti.

Ninachoomba ni hivi. Mtu akiripoti, hela ishikiliwe palepale ilipoingia kabla haijatolewa, kampuni zote zishike kwa pamoja, sio kila moja inaniambia nenda kwa mwenzako. Laini ya wakala ikitaka kutolewa upya ipigiwe simu ya mtu wa pili niliyemwandikisha, au kutoa hela kusimame kwa saa 24, sisi tutavumilia, bora kulala njaa siku moja. Aliyesajili laini ya bibi wa Rukwa atafutwe, kwa sababu na yeye lazima kuna akaunti aliyoingilia kufanya usajili, haikujisajili yenyewe. Na kampuni ikitoa laini yangu kwa mtu mwingine ilipe, sio inishauri niwe makini. Mimi nilikuwa makini, nilikuwa nimekaa kwenye meza yangu na simu mkononi.

Na kama hayo yote ni mengi na bajeti hairuhusu na mchakato unaendelea na wadau wanashirikishwa, basi yaache. Nifanyie hilo moja. Laini yangu ilitolewa saa saba mchana, kuna duka, kuna kaunta, kuna mashine iliyosoma kidole, na serikali ina vidole vya nchi nzima. Linganisheni. Kama ni changu, nifungeni mimi. Kama sio changu, niambieni ni cha nani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wakala wa stendi, Makambako

NB: Namba yangu ipo kwenye ile barua yenye mhuri wa bluu. Ila msaidizi wako akinipigia aje na kumbukumbu namba ya hiyo barua, maana mtu akinipigia akasema anatokea wizarani, mimi nakata.