Chura wa Kihansi tunamcheka, na mmea wa senesio wa Kilimanjaro je?

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kijiweni kwetu ikitajwa hela ya mazingira lazima atajwe chura wa Kihansi, watu wanacheka eti chura kapanda ndege kwenda Marekani sisi hata Dar nauli shida, na mimi nacheka nao, lakini yule chura si wa mchezo. Mkubwa wake hafiki sentimita 3, hatagi mayai kama vyura wengine, anazaa vitoto vilivyokamilika kabisa, na makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta 2 tu kwenye manyunyu ya maporomoko kule Udzungwa. Kagunduliwa 1996, haikupita miaka mingi maji mengi yakageuziwa kwenye mitambo ya umeme (megawati 180, na umeme tunautaka, sibishi), manyunyu yakakata, wakaweka mabomba ya kunyunyizia badala yake, ikaja na fangasi ya ngozi, 2009 akatangazwa hayupo tena porini. Waliookoa kizazi ni wale waliopelekwa mapema Bronx Zoo, bustani ya wanyama kule Marekani, uzao wao ndio ukarudishwa bondeni 2012.

Sasa huku kwetu kuna senesio ya Kilimanjaro, ile mimea watalii wanapiga nayo picha pale kambi ya Barranco, juu mlimani. Nayo haipatikani mlima mwingine wowote. Usiku baridi inagandisha maji, yenyewe inakunja majani kufunika kichipukizi cha katikati, asubuhi inafungua, na majani yaliyokufa hayadondoki, yanabaki yamelizunguka shina kama koti. Kwa baridi hiyo chura wa Kihansi hamalizi hata usiku mmoja.

Ila koti lenyewe ni majani makavu, Mhariri. Moto wa Oktoba 2020 ulikula kama kilomita za mraba 95 za mlima, magazeti yakaandika wiki mbili tatu hivi, basi, yakarudi kwenye picha za watalii. Chura walimtia kwenye boksi akapelekwa kulelewa, senesio iliyokaa pale miaka na miaka utaibeba kwenye nini?

Naomba kiangazi kijacho mtume mwandishi apande, aulize wapagazi wanapashia wapi chakula, warina asali wanafukuza nyuki kwa kitu gani, na moshi ukionekana juu kule nani anapigiwa simu kwanza.

Msomaji wenu,
Moshi