Barua kwa mjomba aliyeikataa kamera

Mjomba,

Mama watoto wako ameniambia ile barua ya rufaa ya kwenda kutazamwa tumbo kwa kamera umeikunja ukaichomeka nyuma ya kalenda. Ukiulizwa, unasema choo kilisharudi rangi yake, tumbo limepoa, huna haja ya kumezeshwa mpira wenye kamera. Jina lako silitaji. Naandika hadharani kwa sababu kuanzia Ahero mpaka Kondele nimewasikia wengi wakisema maneno hayo hayo.

Hata mimi niliyasema. Mwaka juzi nilienda choo cheusi siku tatu, cheusi cha lami, kinachong'aa na kunata. Nikajiambia ni osuga niliyokula kwa wingi wiki ile. Kweli mboga inaweza kukoleza rangi, na vidonge vya kuongeza damu pia, lakini haviachi mnato ule wala harufu ile. Ilikuwa damu iliyokwisha kupikwa na asidi ya tumbo. Siku ya tatu niliinuka kwenye kigoda jikoni, nikajikuta sakafuni. Zahanati ya kwanza waliposikia tumbo linauma walinidunga sindano ya maumivu, dawa ya jamii ya diklofenaki, ile ile niliyokuwa nikimeza na iliyokuwa inanimaliza. Usiku huo nilitapika kitu kama kahawa iliyosagwa.

Hospitali kubwa mjini Kisumu damu yangu ilisoma 5.8 kwa kipimo cha hemoglobini, yaani wingi wa damu. Ikishuka chini ya 7, kwa kawaida mgonjwa huongezwa. Niliwekewa painti mbili, dada zangu wakatoa zao kurudishia, ndipo nikapelekwa kwenye kamera.

Sasa nikueleze ilivyo, Mjomba, maana unaogopa kitu ambacho hujakiona. Walininyunyizia ganzi kooni, chungu kama mwarobaini, ulimi ukawa mzito kama si wangu. Nikalala ubavu wa kushoto, nikang'ata kipande cha plastiki chenye tundu, nikachomwa dawa ya kunituliza. Mpira wenyewe una unene wa kidole kidogo. Unapita njia ya chakula, si ya hewa, kwa hiyo unaendelea kupumua. Sitakudanganya: nilitaka kutapika mara mbili na machozi yalinitoka.

Lakini nilikuwa macho kiasi cha kuiona skrini. Niliona nyama ya waridi, kisha shimo lenye utando mweupe, na katikati kinundu chekundu kinavuja. Daktari akasema huo ni mshipa. Kidonda kimechimba mpaka kimeufikia. Akapitisha sindano ndefu ndani ya mpira ule ule, akachoma adrenalini iliyozimuliwa kuuzunguka mshipa. Pale pakavimba, pakapauka. Adrenalini peke yake haitoshi, nguvu yake ikiisha damu inaweza kufumuka tena, kwa hiyo akateremsha kibanio cha chuma. Nilikiona kikifungua mdomo, kikauma, damu ikakata. Wengine huchomwa kwa joto badala ya kubanwa. Kibanio huachia chenyewe baadaye na kutoka na choo. Sikupasuliwa, sikushonwa popote. Kilichofuata ni dripu ya dawa ya kukata asidi kwa saa 72, kwa kuwa damu haigandi vizuri ndani ya asidi.

Unasema yako ilikoma yenyewe. Naamini, nyingi hukoma zenyewe. Lakini mshipa ukibaki uchi unaweza kupasuka tena, na hakuna anayeweza kuujua kwa kukutazama usoni. Ni lazima mtu aingie aone.

Halafu zile diklofenaki. Unazinunua kemisti, unazimeza bila chakula ili mgongo uvumilie lori la miwa mpaka Chemelil. Zinatuliza mgongo huku zinaondoa kinga ya ukuta wa tumbo. Tafadhali ziache, tumtafute daktari wa huo mgongo. Maziwa nayo hayatibu, yanapooza kidogo kisha tumbo linamwaga asidi zaidi. Na usimlaumu mama watoto kwa pilipili yake. Pamoja na dawa za maumivu, chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo ni bakteria, Helikobakta pailori. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, aliwanywa makusudi ili watu waamini, ukuta wa tumbo lake ukavimba na kuwasha. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Mimi nilikatwa kinyama kidogo kwa kamera hiyo hiyo, bakteria wakaonekana, nikameza antibiotiki siku 14. Wakati kidonda kinavuja damu kipimo hicho kinaweza kuwakosa, kwa hiyo wakikwambia huna, ukubali kurudia.

Jumanne nitakuwa mlangoni kwako alfajiri na gari. Usiku wa Jumatatu ukishakula mapema usiguse kitu tena, hata chai. Na cheusi kikirudi kabla ya hapo, iwe hata saa nane usiku, usinisubiri. Mgongee jirani mwenye Probox, uchomoe hiyo barua nyuma ya kalenda, mje.